Kama Tangazo la Kifo cha Anania Nzowa Lilisikika Msangano

CHAMA CHA WASIKILIZAJI WA REDIO KAHAWA
KAMATI YA USIKIVU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU CHA MWAKA 2025

TAREHE: Jumamosi, 23 Agosti 2025

HALI YA HEWA: Mbozi Mission alfajiri, ukungu mwembamba na baridi, hakuna upepo. Msangano saa nne asubuhi, jua kali, upepo wa vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa upande wa magharibi. (Hali ya hewa huandikwa juu ya kumbukumbu zote za kamati hii kwa sababu ya kazi yake.)

MAHALI: Ghala la mazao, Msangano

WALIOHUDHURIA
1. Mwl. Hezron Haonga, Mwenyekiti (mwalimu mstaafu, Iyula)
2. Ndg. Atupele Kibona, Katibu (Mbozi Mission)
3. Ndg. Jofrey Mgala, mjumbe (fundi mitambo wa kituo)
4. Ndg. Violet Sinkala, mjumbe (mfanyabiashara wa vitenge, Tunduma)
5. Ndg. Osward Silwimba, mjumbe na mwangalizi wa usikivu, Msangano

MWALIKWA
Bi. Marita Nzowa, mkazi wa Msangano

WASIOHUDHURIA
Ndg. Tabita Mwashambwa, kwa udhuru (anauguza)
Ndg. Lusubilo Swila, bila taarifa, mara ya tatu

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa 5:10 asubuhi kwa sala iliyoongozwa na ndugu Violet. Mwenyekiti aliomba radhi kwa kuchelewa saa moja na dakika kumi. Alieleza kwamba gari kutoka Tunduma lilikataa kuondoka kabla halijajaa. Ndugu Violet alisema gari lilikuwa limejaa tangu saa mbili, aliyepungua ni Mwenyekiti, ambaye alikuwa anamalizia chai. Mwenyekiti alisema jambo hilo halikuwa kwenye ajenda.

Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kiliitishwa Msangano, na si ofisini Vwawa kama kawaida, ili wajumbe wasikie kwa masikio yao. Ndugu Violet aliunga mkono. Alisema kamati ya usikivu imekaa miaka miwili chini ya mlingoti, mahali ambapo hata sufuria ikiachwa nje inapokea redio.

KUMB. NA. 2/3/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA NA RAMANI YA USIKIVU

Kumbukumbu za tarehe 12 Julai zilisomwa. Ndugu Violet alipinga mstari unaosema, "Msangano: inasikika vizuri." Aliuliza, inasikika saa ngapi? Alisema yeye hununua ufuta huku kila mwaka, na mchana redio za watu wa huku huongea Kibemba cha Zambia.

Mwenyekiti alijibu kwamba ramani ilitokana na fomu za waangalizi, si mawazo ya mtu. Katibu alieleza kwamba fomu zina saa, lakini ramani haina. Kwa maelekezo ya kikao cha Februari kila kata ilipakwa rangi moja, na rangi iliyochaguliwa ilikuwa ya kipimo kizuri kuliko vyote vya mwezi. Mwenyekiti alimtaka katibu asirudi Februari.

Ndugu Jofrey alieleza kwa faida ya mwalikwa. Mtambo wa AM wa Redio Kahawa ni wa zamani na sasa unafanya kazi kwa nusu ya nguvu yake. Mchana wimbi lake hutambaa ardhini na kuishia kwenye miteremko kabla ya bonde la Momba. Jua likizama wimbi hupanda juu, hudunda angani na kushuka mbali, ndiyo maana usiku kituo huandikiwa barua na watu wa Kasama, Zambia. Jua likichomoza hukatika tena. Alisema hiyo ni tabia ya masafa yenyewe na fundi hawezi kulaumiwa. Hakuna aliyekuwa amemlaumu.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba wamiliki wa kituo wataamua mwezi Oktoba kama mtambo wa AM utengenezwe, au uzimwe ibaki FM, ambayo haivuki Mlowo. Ramani ndiyo hoja pekee ya chama. Aliomba wajumbe wapime maneno yao leo, kwa kuwa barua inayofuata inaweza kuiharibu.

KUMB. NA. 3/3/2025: BARUA YA UKOO WA NZOWA, IYULA

Katibu alisoma barua ya tarehe 9 Agosti iliyosainiwa na ndugu Asajile Nzowa, mtoto wa kwanza wa marehemu Anania Nzowa. Kwa ufupi barua ilisema hivi. Mzee Anania alifariki usiku wa Jumanne tarehe 10 Juni, akazikwa Iyula Alhamisi tarehe 12. Dada yake wa pekee aliye hai, Marita, hakuja. Simu yake haikupatikana. Ukoo ulilipia tangazo Redio Kahawa, likasomwa mara tatu siku ya Jumatano. Marehemu na dada yake hawakuwa wanasemezana tangu mwaka 2019 kwa ajili ya mibuni aliyoiacha baba yao, na ukoo unaamini kwamba alisikia akakataa kuja. Matanga yataanuliwa Jumamosi tarehe 30 Agosti. Siku hiyo Marita hatakaa kwenye mkeka wa dada wa marehemu, na watoto wa marehemu hawatamwita tena shangazi. Lakini kama chama kitaandika kwa mhuri wake kwamba tangazo halikusikika Msangano, ukoo utalitupa jambo hili na kumpokea.

Mwenyekiti alitamka kwamba yeye ni jirani wa marehemu na alikuwepo mazishini. Wakati wa kuweka mashada dada wa marehemu aliitwa mara tatu kwa kipaza sauti. Hakutokea. Shada lake liliwekwa na mama mmoja wa kwaya. Ndugu Violet aliuliza kama Mwenyekiti ni mjumbe au shahidi wa upande mmoja. Mwenyekiti alisema anaeleza alichokiona.

Bi. Marita alipewa nafasi. Alieleza kwamba ni mjane, anaishi peke yake, na binti yake Priska ameolewa Isoka, Zambia. Simu yake iliingia maji mwezi Machi na fundi wa Tunduma hajairudisha. Habari ya kifo aliipata Jumamosi tarehe 14 Juni, saa mbili usiku, kwenye kipindi cha salamu. Mtu wa Igamba aliwatumia pole wafiwa wote wa mzee Anania Nzowa wa Iyula, kisha ukapigwa wimbo. Katibu aliuliza alifanya nini baada ya hapo. Alijibu, "Niliusikiliza wimbo mpaka ukaisha. Ulikuwa ni wake, amepigiwa."

Aliongeza kwamba asubuhi yake alikwenda Iyula kwa gari la mahindi, akafika Jumapili jioni, akakuta viti vimerudishwa. Asajile alimfungulia mlango, akamwambia, "Shangazi, umekuja kuangalia mibuni?" Alilala kwa jirani.

KUMB. NA. 4/3/2025: KIPIMO CHA SAA SABA MCHANA

Kikao kilihamia nje ya ghala saa 6:50 mchana. Redio tatu ziliwashwa: ya Bi. Marita (ya betri kubwa mbili), ya ndugu Jofrey (mpya, ya kituo), na ya ndugu Osward. Saa 7:00, muda wa taarifa ya habari ya Redio Kahawa, kilichosikika ni mkwaruzo tu. Ndugu Jofrey alipanda juu ya magunia na redio yake, kisha juu ya tela la trekta. Aliomba kimya. Saa 7:04 ilisikika sauti ya mwanamke, wajumbe wakasogea. Ndugu Violet alisikiliza kidogo akasema huyo anatangaza bei ya mbolea, na ni kwa Kibemba, "tena bei nzuri kuliko yetu." Kipimo kilifungwa saa 7:20. Matokeo: HAISIKIKI, redio zote tatu.

Ndugu Violet alimshika Bi. Marita mkono, akasema, "Mayo, mama yangu, imekwisha. Tuandike, tugonge mhuri, twende tukale." Bi. Marita alianza kukunja kanga yake kama mtu anayetaka kuondoka.

Ndugu Jofrey aliomba kusema kabla kikao hakijarudi ndani. Alieleza kwamba alikuja na daftari la studio. Siku ya Jumatano tarehe 11 Juni tangazo hilo lilisomwa saa 12:34 asubuhi, saa 7:05 mchana na saa 10:00 jioni. Alisema la mchana na la jioni yanaweza kuchukuliwa kama hayakusikika Msangano. La saa 12:34 hawezi kulisemea. Mwezi Juni jua huchomoza huku baada ya saa moja, na tangazo lilitoka kabla ya hapo.

Ndugu Violet alimwambia, "Jofrey mwanangu, si ungenyamaza?" Ndugu Jofrey alijibu kwamba angenyamaza kama barua isingekuwa na mhuri.

KUMB. NA. 5/3/2025: FOMU YA MWANGALIZI WA MSANGANO

Kikao kiliendelea ndani saa 7:35. Mwenyekiti alielekeza fomu ya Msangano ya mwezi Juni isomwe ili jambo likamilike. Ndugu Osward aliomba isisomwe, kwa kuwa aliiandika kwa haraka na mwandiko wake ni mbaya. Mwenyekiti alisema mwandiko wa ndugu Osward anaufahamu, alimfundisha mwenyewe darasa la tano, na ni mzuri.

Katibu alisoma mistari ya Jumatano tarehe 11 Juni kama ilivyoandikwa:

"12:30 asubuhi. Wimbo wa kituo. SAFI.
12:34 asubuhi. Matangazo ya vifo. SAFI. Maelezo: Anania Nzowa wa Iyula amefariki, mazishi kesho saa nane. Ajulishwe dada yake Marita, Msangano.
7:00 mchana. HAISIKIKI."

Katibu alieleza kwamba fomu hiyo aliipokea tarehe 4 Julai, akahesabu SAFI na HAFIFU kwa ajili ya ramani, na hakusoma safu ya maelezo. Aliomba hilo liandikwe. Limeandikwa.

Mwenyekiti alisema basi jibu limepatikana: tangazo lilisikika Msangano, ramani ni sahihi, na ukoo uandikiwe hivyo. Ndugu Violet alimwambia Mwenyekiti asiikimbilie ramani yake wakati mwenye msiba amekaa mbele yake.

Mwenyekiti alimuuliza Bi. Marita kwa nini hakusikia saa 12:34, ikiwa redio yake ni nzima. Alijibu kwamba betri zake ni za zamani. Huzianika juu ya bati kila siku alfajiri, kabla jua halijatoka, zipate jua, na huzirudisha kwenye redio saa tisa au saa kumi. Asubuhi redio yake haina kitu ndani. "Nikiziamsha mapema zinalala mapema. Bora usiku, maana usiku ndiyo mrefu."

Mwenyekiti alimuuliza ndugu Osward nyumba yake iko umbali gani na ya Bi. Marita. Alijibu kuna njia tu katikati, na kichuguu. Aliulizwa kama huwa anaziona betri juu ya bati. Alijibu anaziona. Aliulizwa kama aliziona siku ile. Alijibu, "Niliziona. Sikuzihesabu kuwa jambo."

Ndugu Violet alimuuliza kwa nini hakuvuka njia. Majibu ya ndugu Osward yameandikwa kwa maneno yake, kwa ombi lake mwenyewe:

"Mimi ni nani? Kwetu msiba haubebwi na mtu mmoja aliyesikia redioni. Wanakuja watu wazima wawili, wanakaa chini kwanza, wanapewa maji, ndipo wanasema. Nikajua ukoo wameshatuma watu wao. Nikasema nisije nikamtangulia mwenye habari. Saa mbili nikapita na baiskeli, nikamkuta Mama Priska anakata ufuta. Akanisalimia. Akacheka. Nikasema moyoni, kumbe mtu anaweza kucheka na kaka yake yuko ndani hajazikwa. Nikaenda zangu. Na si mimi tu. Nyumba zote za huku zilisikia. Pale kisimani walisema, mwacheni, ameamua."

Bi. Marita alisema, "Baba, nilicheka kwa sababu mnyororo wa baiskeli yako ulikuwa unaburuta, na wewe unakanyaga hewa."

Ndugu Osward alisema ni kweli, siku ile mnyororo ulikatika.

Bi. Marita aliuliza ni akina nani walikuwa kisimani. Ndugu Osward hakutaja. Bi. Marita aliuliza kama Rozi, mke wa ndugu Osward, alikuwepo. Ndugu Osward alijibu kwamba alikuwepo. Bi. Marita alisema kwamba Rozi alimpa mboga siku ile ile jioni, na alishangaa kwa nini hakukaa kama kawaida yake. Alisema siku zile tatu, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, watu walimwamkia wote, na hakuna hata mmoja aliyekaa.

Mwenyekiti aliahirisha kikao kwa dakika kumi. Katika muda huo alitoka nje peke yake.

KUMB. NA. 6/3/2025: MAJIBU YA BARUA YA UKOO

Kikao kilirejea saa 8:30. Mapendekezo yalikuwa matatu. Mwenyekiti alipendekeza iandikwe kwamba tangazo lilisikika, bila maelezo zaidi. Ndugu Violet alipendekeza iandikwe kwamba halikusikika. Alisema kipimo cha saa saba wamekifanya kwa mikono yao, na Mungu atawasamehe tangazo moja la alfajiri. Ndugu Jofrey alipendekeza iandikwe kila saa na matokeo yake.

Mwenyekiti alionya kwamba barua ya ndugu Jofrey ikiwafikia wamiliki, ramani itachanwa. Ndugu Jofrey alisema bora ichanwe. Akaongeza kwamba mtambo wenyewe aliuombea marekebisho mara nne na hakuna ramani iliyomsaidia. Mwenyekiti alimwambia ndugu Jofrey anaongea na mtu aliyemzidi umri. Ndugu Jofrey aliomba radhi kwa umri, si kwa mtambo.

Kabla ya kura Bi. Marita aliomba kusema. Alisema asiandikiwe uongo kwa sababu yake. "Watoto wa Anania wakiniita shangazi kwa barua ya uongo, nitakuwa naitika nini? Andikeni lilisikika. Andikeni na mimi sikusikia. Yote mawili ni ya kweli, na mimi nimekaa katikati yake tangu Juni."

Pendekezo la ndugu Jofrey lilipita kwa kura nne. Mwenyekiti hakupiga kura. Ilikubaliwa barua isomeke hivi:

"Tangazo la kifo cha mzee Anania Nzowa lilisikika Msangano saa 12:34 asubuhi, tarehe 11 Juni 2025. Halikusikika mchana wala saa kumi jioni. Alfajiri hiyo redio ya Bi. Marita Nzowa haikuwa na betri. Mwangalizi wa chama alilisikia na kuliandika, hakumwambia. Majirani walilisikia, hawakumwambia, kwa kudhani anajua. Chama kilipokea maandishi hayo tarehe 4 Julai na hakikuyasoma. Bi. Marita hakukataa kuja. Hakuitwa na mtu yeyote."

Iliamuliwa barua isainiwe na Mwenyekiti, katibu na ndugu Osward kama aliyesikia. Mwenyekiti alisaini. Alisema sentensi ya mwisho aliiongeza katibu bila kuelekezwa. Katibu alikubali kwamba ni kweli. Mwenyekiti aliisoma tena, akasema ibaki.

Ndugu Osward hakusaini. Alisema, "Nikisaini hapo ninawasainia watu wa kisimani wote. Kesho nitaazima jembe kwa nani?" Aliomba apewe muda. Ndugu Violet alimjibu kwamba Mama Priska alipewa muda, siku tatu nzima. Mwenyekiti alisema mjumbe asilazimishwe. Ndugu Osward aliondoka kikaoni saa 9:40 bila kuaga.

KUMB. NA. 7/3/2025: MENGINEYO

(a) Fomu za waangalizi. Ndugu Violet alipendekeza iongezwe safu moja baada ya safu ya maelezo, iitwe "Nani ameambiwa." Mwenyekiti aliuliza kama hiyo ni kazi ya kamati ya usikivu. Ndugu Violet aliuliza, kama si hiyo, kazi yake ni ipi? Ilikubaliwa. Fomu mpya zianze Septemba.

(b) Ramani. Ilikubaliwa isipelekwe kwa wamiliki mpaka ichorwe upya, moja ya mchana na moja ya usiku. Mwenyekiti alisema ya mchana itatosha kwenye bahasha ndogo.

(c) Kipimo cha usiku. Katibu aliagizwa kubaki Msangano, kusikiliza kuanzia saa 12:00 jioni hadi kituo kifungwe saa 5:00 usiku, na kujaza fomu. Bi. Marita alijitolea kumlaza katibu. Alisema kitanda cha Priska kipo, kimetandikwa.

KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa 10:25 jioni. Aliwaombea wajumbe safari njema, na kwa Bi. Marita alisema pole. Katibu anaandika kwamba ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kikaoni.

Saini: H. Haonga, Mwenyekiti. 23/8/2025
Saini: A. Kibona, Katibu. 23/8/2025

NYONGEZA YA KATIBU: KIPIMO CHA USIKU, MSANGANO, 23 AGOSTI 2025

Mahali: nyumbani kwa Bi. Marita Nzowa, ukumbini. Redio: ya mwenye nyumba.

11:50 jioni. Mkwaruzo.
12:20 jioni. Wimbo wa kituo, unakuja na kupotea. HAFIFU.
12:50 jioni. Jua limezama. Sauti ya mtangazaji inaeleweka. HAFIFU, inapanda.
1:15 usiku. SAFI. Bi. Marita alisema kila siku huja hivyo, kama mtu anayekaribia kwa miguu.
1:30 usiku. SAFI. Matangazo ya mnada wa ng'ombe.

Saa 1:40 usiku ndugu Osward Silwimba alipiga hodi. Alikuwa na mkewe, Rozi. Alikuwa amevaa koti. Bi. Marita aliwakaribisha. Ndugu Osward hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa chini, mkewe akakaa chini pembeni yake. Bi. Marita aliwaangalia, kisha akawaletea maji. Walikunywa wote wawili. Ndugu Osward alimtazama katibu, katibu akapunguza sauti ya redio.

Ndugu Osward alisema, "Mama Priska, tumekuja wawili. Tumesikia habari kutoka Iyula. Kaka yako Anania amefariki. Amefariki usiku wa Jumanne."

Bi. Marita alisema, "Anania?"

Ndugu Osward alisema, "Anania."

Katika kikao cha leo Bi. Marita alieleza habari zote kwa sauti moja, tangu asubuhi hadi jioni. Hapo alipiga kelele. Rozi alimshika kabla hajaanguka. Katibu alizima redio saa 1:44 usiku.

Waliosikia kelele walianza kufika. Wa kwanza walikuja na kuni, wengine na mikeka. Wanawake waliingia ndani, wanaume walikaa nje kwenye kichuguu. Katibu hawafahamu kwa majina. Rozi aliwasha moto na kubandika chai. Mama mmoja mzee alisema, "Tulikosea, mwanangu," na Bi. Marita aliendelea kulia, mkono wake ukiwa juu ya goti la mama huyo.

Kuhusu barua: nafasi ya saini ya ndugu Osward bado iko wazi. Alisema Jumamosi ya kuanua matanga atakwenda Iyula na Mama Priska, na kwamba mtu anayekwenda kusema kwa mdomo wake hana haja ya kusaini. Rozi alisema watakwenda wawili.

Kipimo cha saa 2:00 hadi saa 5:00 usiku hakikufanyika. Nyumbani kulikuwa na msiba. Kitarudiwa siku nyingine.

Fomu imeachwa hivyo. Katibu alikaa mkekani na wanawake, akiwa hana ndugu pale, na hakuna aliyemuuliza yeye ni wa nani. Alilala saa 9:10 usiku.